Kuchagua Mahali pa Mazoezi Jijini: Somo kwa Mgonjwa wa Presha au Kisukari na kwa Anayemhudumia

Mgonjwa wa shinikizo la juu la damu au wa kisukari anapotoka kliniki, mara nyingi huwa amepewa mambo mawili: karatasi ya dawa, na agizo la mdomo kwamba afanye mazoezi. Karatasi ya dawa ina jina la dawa, kiasi chake na saa za kuimeza. Agizo la mazoezi halina lolote kati ya hayo. Mgonjwa huachwa aamue mwenyewe aende wapi, afanye nini, kwa nguvu kiasi gani na kwa muda gani.

Katika jiji kama Dar es Salaam, ambalo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728, mahali pa mazoezi ni pengi. Kuna jimu zenye mashine na viyoyozi, vyumba vya yoga, madarasa ya aerobiki ya jioni, vikundi vya jogingi vya mitaani, ufukwe wa Coco, na barabara za mtaa kabla jua halijachomoza. Kwa mtu mwenye afya njema, kukosea katika kuchagua ni hasara ya fedha tu. Kwa mtu anayetumia dawa za kushusha sukari, au ambaye presha yake haijadhibitiwa, kosa hilo linaweza kumwangusha sakafuni.

Baada ya somo hili, mgonjwa atakuwa na maswali ya kuuliza kabla ya kulipa ada, na mhudumu wa afya ataweza kuandika agizo la mazoezi kwa uangalifu uleule anaoandikia dawa. Msingi wake ni huu: uchaguzi mwema huanzia kwenye mwili wa mgonjwa, hufuatia njia ya kwenda na kurudi, na ndipo huishia kwenye jengo. Wengi huanza na jengo.

Kwa nini jambo hili ni la tiba

Utafiti wa kitaifa wa viashiria hatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza, uliofanyika Tanzania mwaka 2012 kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulionyesha kwamba takribani watu 26 katika kila 100 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na 9 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Mwishoni mwa mwaka 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo.

Siku moja kwa mwezi huamsha ari, lakini haitoshi kuwa tiba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya nguvu ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au ya nguvu kubwa kwa dakika 75 hadi 150. Juu ya hayo, afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki. Mwenye umri wa miaka 65 na kuendelea huongezewa mazoezi ya mizani ya mwili siku 3 au zaidi, ili asianguke. Kwa mgonjwa wa kisukari inafaa zaidi siku hizo zisiachane sana. Misuli iliyofanya kazi huitumia sukari ya damu vizuri zaidi kwa siku moja au mbili hivi, kisha faida hiyo hufifia. Ndiyo maana hushauriwa zisipite siku mbili mfululizo bila mazoezi.

Nguvu ya wastani hupimwa kwa pumzi. Mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba wimbo. Akishindwa kutamka maneno machache bila kutweta, amevuka kiwango hicho. Wazee wa mchakamchaka waliufahamu ukweli huu bila kuufundishwa: kiongozi hutoa wimbo, kundi huitikia kwa maneno mafupi, na asiyeweza kuitikia anajulikana kuwa amezidiwa.

Hatua ya kwanza: mwili na dawa zake

Kabla ya kuuliza bei, mgonjwa anapaswa kujua mambo manne kuhusu mwili wake.

La kwanza ni shinikizo la damu. Mtu ambaye presha yake, akiwa ametulia, imefika 180 juu au 110 chini, asianze mazoezi mapya kabla haijapimwa tena na kutibiwa. Aliyedhibitiwa vema anaweza kuanza kwa kutembea na kuongeza taratibu, na si lazima afanyiwe vipimo vikubwa vya moyo kwa ajili ya kutembea. Vipimo huhitajika zaidi kwa mwenye maumivu ya kifua, anayezimia, anayekatika pumzi kwa kazi ndogo, au aliyewahi kuugua moyo au kiharusi.

La pili ni dawa. Metformini ikitumiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Insulini, glibenklamidi na gliklazaidi huweza kuishusha hasa mazoezi yanapoongezwa, na hali hiyo inaweza kutokea saa nyingi baadaye, hata usiku mgonjwa akiwa amelala. Anayetumia dawa hizo apime sukari kabla ya kuanza. Ikiwa iko chini ya 5.0 mmol/L, ale kwanza chakula chenye wanga, kama vile ndizi mbivu au kipande cha mkate. Ikiwa imezidi 13.9 na anajisikia mgonjwa, au mkojo una ketoni, asifanye mazoezi siku hiyo. Anayejidunga insulini asijidunge pajani muda mfupi kabla ya kukimbia au kuendesha baiskeli, kwa kuwa mguu unaofanya kazi huifyonza haraka kuliko kawaida.

Atenololi na propranololi hupunguza kasi ya moyo. Namba ya mapigo inayoonyeshwa na mashine ya jimu, au inayodaiwa na mwalimu, haimfai mgonjwa huyu, naye ajipime kwa pumzi. Dawa hizo pia huficha kutetemeka na mapigo ya haraka yanayotangaza kushuka kwa sukari. Dalili inayobaki wazi ni jasho, nalo katika ukumbi wa mazoezi halimshtui mtu. Dawa za kukojoa, kama bendrofluazaidi, huongeza hatari ya kupungukiwa maji, hasa katika miezi ya joto kali kati ya Desemba na Machi.

La tatu ni miguu. Mwenye ganzi hasikii msumari, changarawe wala lengelenge. Anahitaji raba zinazomtosha, soksi safi, na desturi ya kukagua nyayo kila anaporudi. Kwa mwenye kidonda, baiskeli ya kukalia au mazoezi ya mikono akiwa kwenye kiti ni bora kuliko kukimbia.

La nne ni macho. Mgonjwa ambaye daktari wa macho amemwambia kwamba ana mishipa mipya kwenye retina, au mwenye presha ya macho, aepuke mikao ya kuinamisha kichwa chini. Mwenye mishipa hiyo aepuke pia kurukaruka, na kunyanyua vyuma vizito huku amebana pumzi.

Hatua ya pili: njia na saa

Mahali pazuri pasipofikika hapamsaidii mgonjwa. Hesabu yake ni rahisi. Mtu anayetumia saa moja na nusu kwenda jimu na muda kama huo kurudi, mara 3 kwa wiki, anakaa barabarani saa 9 ili apate mazoezi ya saa 2 na nusu. Wachache huendelea hivyo hadi mwezi wa tatu. Nauli nayo ihesabiwe pamoja na ada, maana ada hulipwa mara moja ilhali nauli hudaiwa kila siku.

Kwa hiyo mgonjwa na achore akilini njia anayopita kila siku: nyumbani, kazini, sokoni, msikitini au kanisani. Mahali pa mazoezi pawe juu ya njia hiyo au karibu nayo. Saa nayo ipimwe. Alfajiri na jioni kuna nafuu ya joto, lakini gizani kuna hatari ya magari na vibaka. Wanawake wengi hujiuliza pia kama kuna saa zao peke yao, chumba cha kubadilishia nguo chenye stara, na usafiri salama wa kurudi. Maswali hayo ni sehemu ya afya, na mhudumu ayaulize bila kusubiri mgonjwa ayataje.

Hatua ya tatu: kulikagua jengo na watu wake

Mgonjwa aende mara moja kutazama kabla ya kulipa, tena katika saa ileile anayokusudia kufanya mazoezi. Jimu iliyo tupu saa nne asubuhi inaweza kufurika saa kumi na mbili jioni.

Swali la kwanza analopaswa kulijibu ni hili: je, kuna aliyemwuliza habari za afya yake? Mahali makini humpa mgeni maswali mafupi kabla hajagusa mashine: kama ana ugonjwa wa moyo au presha, kama huumwa kifua, kama hupoteza fahamu au kupata kizunguzungu, anatumia dawa gani, ana tatizo gani la mifupa au viungo. Mahali panapouliza namba ya simu ya malipo tu pameshajieleza.

Swali la pili ni kuhusu dharura. Nani kati ya wafanyakazi amefundishwa huduma ya kwanza, na je, yupo katika saa hizo? Mtu akianguka bila kupumua, anayebaki naye anapaswa kuanza mara moja kukandamiza kifua kwa nguvu, katikati, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akiita msaada. Je, wafanyakazi wanajua hospitali iliyo karibu, na gari linaweza kufika mlangoni? Je, kuna sukari au soda ya kawaida karibu?

Swali la tatu ni mwalimu. Mwalimu mzuri hurekebisha mkao wa mtu mmoja mmoja, hutoa zoezi mbadala kwa asiyeweza, na huanza kwa kupasha mwili moto na kumaliza kwa kuupoza. Humkataza anayenyanyua vyuma kubana pumzi, kwa kuwa tendo hilo hupandisha presha ghafla. Mwalimu anayemwambia mgonjwa aache dawa kwa sababu mazoezi yatamponya ametoka nje ya kazi yake, hata awe na misuli ya kupendeza namna gani. Dawa hupunguzwa na daktari, kwa vipimo. Vivyo hivyo kwa unga na vidonge vya kukata mafuta au kujaza misuli vinavyouzwa kaunta: mgonjwa asivitumie kabla ya kuvipeleka kliniki vikasomwe.

Mwisho hutazamwa usafi na hewa. Sakafu isiteleze, madirisha yafunguke au hewa izunguke, maji ya kunywa yawepo, na mashine na mikeka ifutwe baada ya kila mtumiaji. Fangasi wa ngozi huenea kwa mkeka wenye jasho na taulo ya kuazimana. Kuhusu malipo, mwezi mmoja kwanza ni salama kuliko mwaka mzima, hata kama mwaka una punguzo.

Kila mahali na tabia yake

Jimu humfaa anayetaka kuimarisha misuli kwa usimamizi na anayekimbia mvua na jua. Udhaifu wake ni gharama, na vishawishi vya kushindana na jirani.

Yoga, yenye asili yake India, husaidia mizani, unyumbufu wa viungo na utulivu wa akili. Madarasa ya polepole hayatoshelezi dakika 150 za mazoezi ya moyo na mapafu, hivyo mgonjwa aongeze kutembea. Madarasa yanayofanyika katika chumba kilichopashwa joto hayamfai mjamzito wala mgonjwa wa moyo. Mjamzito aliyevuka miezi mitatu aepuke pia kulala chali kwa muda mrefu. Mwenye ganzi ya miguu asikubali kuvua viatu kwenye sakafu asiyoiamini. Anayehofia kwamba darasa lina maombi ya imani nyingine amwulize mwalimu waziwazi, kwani wengi hufundisha mikao na pumzi peke yake.

Aerobiki ya muziki hufurahisha, na furaha ndiyo humrudisha mtu kesho. Hatari yake ni kurukaruka kwa mwenye magoti mabovu au uzito mkubwa, na sauti kubwa inayomzuia mtu kusikia mwili wake. Asimame pembeni, karibu na mlango, na afanye hatua bila kuruka.

Vikundi vya jogingi vina michango midogo na mshikamano mkubwa. Asiyeonekana wiki moja hupigiwa simu, na hilo halipatikani kwenye mashine yoyote. Kasoro yake ni mwendo mmoja kwa wote. Mgonjwa atafute kikundi chenye safu ya wanaotembea, avae nguo zinazoonekana gizani, na mtu mmoja katika kundi ajue ugonjwa wake.

Mfano wa kufundishia

Mwanamke wa miaka 54, muuza vitenge Kariakoo na mkazi wa Mbagala, ana kisukari na presha. Anatumia metformini, gliklazaidi na atenololi, na miguu yake ina ganzi. Binti yake amemlipia mwezi mmoja jimu huko Masaki, naye hukimbia juu ya mashine siku 3 kwa wiki baada ya kufunga duka. Kliniki, muuguzi anaona sukari yake imekuwa ikipanda na kushuka bila mpangilio.

"Shikamoo mama. Siku za mazoezi unafika nyumbani saa ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Saa nne usiku. Siku hizo sili mpaka nirudi."

"Na ukiwa kwenye mashine, hujawahi kuhisi kizunguzungu?"

"Mara mbili. Nilidhani ni joto. Lakini mtoto amekwisha lipa, nitamwambiaje?"

Maswali mawili yamefichua jambo ambalo vipimo havikulieleza. Mgonjwa humeza dawa ya kushusha sukari, hukaa na njaa tangu mchana, kisha hukimbia akiwa na miguu isiyosikia na dawa inayoficha dalili. Muuguzi anampeleka kwa daktari siku hiyohiyo ili dozi iangaliwe upya, na anaandika kwenye kadi: kutembea haraka dakika 30 asubuhi, siku 5, mtaani Mbagala pamoja na jirani, baada ya kifungua kinywa, mazoezi ya misuli akiwa kwenye kiti siku 2, sukari ya kumeza mfukoni. Kuhusu binti, anamwambia: "Mpe shukrani zangu, mama, kwa kukujali. Fedha ya mwezi ujao mwombe akununulie raba nzuri."

Mwezi wa Ramadhani

Mgonjwa aliyeruhusiwa na daktari kufunga asiache kabisa kujongea, ila abadili saa. Mazoezi mazito katika saa za mwisho kabla ya futari huongeza hatari ya sukari kushuka na mwili kukauka. Kutembea baada ya kufuturu ni bora zaidi. Swala ya tarawehe, kwa kurukuu, kusujudu na kusimama kwake, ihesabiwe kuwa sehemu ya mazoezi ya siku. Sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L, afungue mara moja.

Alama za kusimama

Mgonjwa asimamishe zoezi na apelekwe hospitali akipata maumivu au kubanwa kifuani, hasa yanayoelekea mkono au taya, pumzi kukatika isiyotulia kwa kupumzika, kuzimia, mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kukwama. Kwa dalili za sukari kushuka, yaani jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla au kuchanganyikiwa, apewe gramu 15 za sukari, ambazo ni vijiko vya chai 3 hadi 4 vilivyokorogwa katika maji, na apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu. Alazwe ubavu na apelekwe hospitali.

Wajibu wa mhudumu

Agizo kamili la mazoezi lina mambo matano: aina, mara ngapi kwa wiki, nguvu kiasi gani, dakika ngapi, na mahali. Jambo hili la tano husahauliwa, ingawa ndilo linaloamua kama yale manne yatatendeka. Liandikwe kwenye kadi, na katika hudhurio linalofuata liulizwe kama dawa inavyoulizwa. Mgonjwa aliyeacha asikemewe. Aulizwe ni njia, saa, fedha au mwili uliomshinda, kisha mahali pabadilishwe.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mapigo ya moyo si kipimo kizuri kwa mgonjwa anayetumia atenololi?
2. Ni dawa zipi za kisukari zinazohitaji sukari kupimwa kabla ya mazoezi, na chini ya kiwango gani mgonjwa ale kwanza?
3. Mgonjwa akitaka kujiunga na jimu, ni swali gani ambalo jimu yenyewe inapaswa kumwuliza kabla ya yote?
4. Katika mtaa unaokizunguka kituo chako, ni mahali gani patatu ambapo mgonjwa wa miaka 60 anaweza kufika kwa miguu na kufanya mazoezi kwa usalama? Orodha hiyo ibandikwe kwenye ukuta wa kliniki, mahali ambapo kila anayesubiri kuonwa ataisoma.